Wakulima wa Shamu katika Kijiji cha Ross

Katika jimbo la North Dakota, nchi ya Marekani, pana kijiji cha wakulima kiitwacho Ross. Ni kijiji kidogo mno: katika hesabu ya watu ya mwaka 2010 wakazi wake hawakutimia 100. Reli yapita hapo, na pande zote ni mashamba na mbuga za nyasi, hata jicho lachoka kutazama. Msomaji aweza kuuliza, kijiji kama hicho kina khabari gani ya kuingizwa katika jarida la nyumba za Waislamu? Basi khabari yake ni hii, ya kuwa katika mwaka 1929 wakulima wa hapo waliotoka Shamu walijenga msikiti. Na kabla ya kuujenga walikuwa wamekwisha kusali pamoja majumbani mwao kwa zaidi ya miaka 20.

Sisi asili yetu ni Pemba, lakini twakaa Minnesota, jimbo lililo mashariki ya hilo, na watoto wetu watatu wote wamezaliwa huku. Kwa hivyo khabari ya Ross hatukuisoma kama mtu asomavyo tarekhe ya watu wa mbali. Tuliisoma kama mpangaji anayepewa khabari za mtu aliyekaa kabla yake katika chumba kile kile.

Yafaa kwanza ijulikane jinsi watu wa Shamu walivyofika pahala kama hapo. Mwaka 1862, katika zama za Rais Abraham Lincoln, serikali ya Marekani ilitoa sheria ya kugawa ardhi bure. Mtu aliyetimia miaka 21, au aliye mkuu wa nyumba, aliweza kuandikisha eka 160; akajenga nyumba hapo, akalima, akakaa miaka mitano, kisha akapewa hati ya kuwa ni mwenye ardhi. Kwa maskini yeyote wa ulimwengu huo ulikuwa ni mwito mkubwa. Walikuja Wanorwe, Waswidi na Wajerumani kwa maelfu, na ilipofika mwanzo wa karne ya 20 wakaja na watu kutoka bonde la Bekaa, sehemu ambayo siku hizi imo katika nchi ya Lebanon lakini wakati ule ilikuwa chini ya Dola ya Waturuki na watu wake wakiitwa Wasuria. Wengi wao walianza kwa uchuuzi: mtu ajitwika bahasha la sindano, nyuzi, vitambaa na vitana, aenda nyumba kwa nyumba mashambani, mpaka apate mtaji wa jembe na farasi.

Hatutaki kupita hapa bila ya kusema kwamba ardhi hiyo iliyotolewa bure haikuwa haina wenyewe. Wamandan, Wahidatsa na Waarikara walikuwa wakilima mahindi kando ya mto Missouri tangu zamani sana, kabla hajafika mzungu wala Mwarabu; na mpaka leo sehemu ya wilaya hiyo hiyo ya Mountrail, yenye kijiji cha Ross, imo ndani ya eneo waliloachiwa liitwalo Fort Berthold. Mkulima aliyetoka Bekaa yamkini hakujua haya alipotia alama ya kidole. Lakini sisi twayajua, na khabari isiyotaja hayo huwa pungufu.

Jambo jingine ni la uraia. Hati ya ardhi haikutolewa ila kwa raia, na sheria ya uraia ya siku zile iliwakubali watu weupe, na watu wenye asili ya Afrika, basi. Je, mtu wa Shamu ni mweupe? Mahakama zilibishana juu ya suala hilo miaka kadhaa, hii ikisema ndiyo na ile ikisema siyo, mpaka mwaka 1915 mahakama ya rufani ilipokata shauri, katika kesi ya Msuria mmoja aitwaye George Dow aliyekuwa akikaa South Carolina, ya kuwa Wasuria wamo. Sisi tuliotoka Afrika tungalipita kwa mlango wa pili wa sheria ile ile, na Mungu ajua tungalipokewaje tulipokwisha kuingia.

Sasa tuje kwenye maisha yao. Walijenga vibanda vya mbao, wakapanda ngano na kitani. Wakati wa baridi theluji hufunga njia siku nyingi, na jirani wa karibu aweza kuwa yuko mbali ya maili moja au mbili. Msomaji aliyekulia pahala ambapo mwadhini wa msikiti huu husikia adhana ya msikiti wa pili, ajaribu kufikiri mtu huyu: hana adhana aisikiayo, hana kadhi, hana mwalimu, na akitaka jamaa ya sala hana budi kufunga farasi gari na kwenda kwa ndugu yake. Nao walikwenda. Mwisho wa miaka ya 1930 serikali ilituma watu kuandika khabari za wageni walioingia North Dakota, na mmoja wa wakulima wa Ross aliwaeleza kuwa kabla ya msikiti sala ilikuwa ikisaliwa katika nyumba mbali mbali. Na kuwa wana mwezi wa kufunga, na ukiisha watu huzuriana majumbani na kufanyiana karamu. Twalipenda sana neno hilo la kuzuriana. Kwa miaka yote hiyo Uislamu wa Ross ulikaa katika sebule na jikoni, mikononi mwa wenye nyumba, nao wanawake wakipika kwa ajili ya jamaa nzima.

Msikiti wenyewe haukuwa na fahari. Nusu yake ilichimbwa ndani ya ardhi, hata aliyeutazama kwa mbali asingeuona ila dari yake. Hauna mnara, hauna kuba. Ulijengwa mwaka 1929, na msomaji akumbuka ni mwaka gani huo: katika mwezi wa Oktoba biashara ya Marekani ilianguka, na ngano ikakosa bei. Kisha ukaja ukame. Katika mwaka mmoja tu, 1936, mwezi wa Februari, baridi ilifika nyuzi 51 chini ya sifuri katika mji wa Parshall, ulio katika wilaya hiyo hiyo. Na mwezi wa Julai joto likafika nyuzi 49 katika mji wa Steele, jimbo hilo hilo. Zote mbili zimebaki kuwa ndizo zilizopita kiasi katika tarekhe ya North Dakota. Udongo ulipeperuka kama vumbi la unga, na watu wa kila dini wakafunga milango ya nyumba zao wakahama.

Vijana wa Kiislamu nao walihama. Wengine waliingia jeshini, wengine wakaenda mijini kwenye viwanda, wakaoa huko, wakabadili majina yawe mepesi kwa ndimi za watu. Wengine waliobaki wakaingia katika kanisa la majirani zao, si kwa kulazimishwa, bali kwa kuwa ndipo palipokuwa na arusi, na nyimbo, na chakula cha Jumapili, na wasichana wa kuposa. Msikiti ukawa hauna wa kuufungua. Mwisho wa miaka ya 1970 ukabomolewa.

Watu wanaoandika juu ya Ross hushughulika mno na suala moja: je, huo ndio msikiti wa kwanza uliojengwa Marekani? Sisi hatuoni faida kubwa ya mabishano hayo. Tangu mwaka 1921 ulikwisha kujengwa msikiti Highland Park, jimbo la Michigan, nao haukudumu. Ule wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, ulijengwa mwaka 1934 na ungalipo mpaka leo, kwa hiyo katika misikiti iliyojengwa kwa nia hiyo ndio mkongwe kuliko yote iliyosalia nchini. Wa kwanza ni upi, si neno. Lenye kutushughulisha sisi ni kwamba huu wa Ross na ule wa Cedar Rapids vilijengwa na watu wa asili moja, katika upande mmoja wa nchi, kwa muda wa miaka mitano tu kati yao, na mmoja ukafa na wa pili ukaishi.

Tulikwenda Ross wakati wa kiangazi, sisi na watoto na mama yetu mzee, mwendo wa kutwa kwa gari. Kijiji hakikosi shughuli: tangu miaka ya 2000 mafuta yamechimbwa kwa wingi katika wilaya hiyo, na malori makubwa hupita bila ya kukoma. Makaburi yako nje ya kijiji, katikati ya mashamba, na juu ya lango lake pana hilali na nyota za chuma. Kwa Kiingereza wameyaita makaburi ya Waislamu wa “Kiashuri,” nao hawakuwa Waashuri hata kidogo; lakini jina likishaandikwa katika daftari huwa gumu kulifuta. Karibu nayo pana msikiti mdogo wa mwaka 2005, wenye kuba na minara minne, uliojengwa na wazao wa wale wa kwanza ili kumbukumbu isipotee. Ni mdogo kuliko sebule nyingi. Tulisali hapo Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya, na upepo ukivuma nje kama bahari.

Baadae tukapita katika makaburi. Watoto wakasoma majina kwa sauti, na yalikuwa ni majina ya namna mbili yaliyofungwa pamoja: la mbele la Kimarekani na la nyuma la Kiarabu. Mwana wetu mkubwa akacheka, kwa kuwa na yeye skuli humwita hivyo hivyo. Mama alikuwa amekaa kimya katika kivuli cha gari, na tulipomrudia akatuuliza neno moja: “Na chuo chao kilikuwa wapi?”

Hatukuwa na la kumjibu. Katika khabari zote tulizozisoma msikiti watajwa, makaburi yatajwa, karamu za Idi zatajwa. Chuo cha kusomesha watoto Kurani hatukukiona kikitajwa. Si ajabu. Mkulima wa ngano huamka kabla ya alfajiri na hurudi usiku, na mtoto wake hushikwa na kazi tangu apate nguvu ya kubeba ndoo. Mwalimu wa kumwajiri angalitoka wapi, na angalilipwa nini katika mwaka ambao ngano haina bei? Walakini suala la mama lilitukaa moyoni. Cedar Rapids ilikuwa ni mji, wenye viwanda na maduka. Familia zilikaa karibu karibu, watoto wakikutana bila ya gari. Mwana wa mji huo, Abdallah Igram, aliyepigana katika vita vya pili vya dunia, ndiye aliyewaita Waislamu wa Marekani mkutano huko mwaka 1952. Aliweza kuwaita kwa kuwa palikuwa na watu wa kumpokea. Ross haikukosa imani. Ilikosa watoto wa kutosha kukaa pahala pamoja.

Nyumbani kwetu palikuwa na shauri ambalo halikwisha kwa miaka: mama akifa, azikwe wapi? Ndugu wa Pemba walitaka arejeshwe, kwa gharama yoyote, alale karibu na baba. Sisi tulikuwa hatuna ujasiri wa kusema lolote mbele yao. Katika njia ya kurudi kutoka Ross, mama mwenyewe alilikata. Alisema azikwe huku huku, kwa sharti kwamba wajukuu wamsomee wenyewe juu ya kaburi, si kwa simu wala kwa mashine ya kunasia sauti. Na kama hawawezi kumsomea, basi tumrejeshe kwao.

Sharti hilo lilikuwa zito kuliko gharama ya ndege. Watoto wetu walikuwa wakienda msikitini kila Jumamosi kwa saa mbili, na katika saa mbili hizo walijifunza mengi, lakini kusoma bado. Basi tangu majira ya baridi yaliyofuata tumeweka chuo sebuleni, siku tatu katika wiki baada ya Magharibi. Mwalimu ni mama. Wanafunzi ni watatu wetu na wanne wa jirani, wawili wao wazazi wao ni Wasomali. Huwasomesha kwa irabu kama alivyosomeshwa Wete, kwa fimbo asiyompigia mtu; na mtoto akimjibu kwa Kiingereza hujifanya hakusikia. Kukiwa na theluji nyingi mmoja wetu huenda kuwachukua wale wanne kwa gari. Jirani mmoja Mkristo alituuliza kelele hizo ni za nini, tukamwambia, akasema babu yake aliyekuja kutoka Norwe naye alisomeshwa dini jikoni na bibi yake.

Walianza kutoka Kul audhu birabi nnas wakipanda juu. Sasa wamefika Wal-Fajri, isipokuwa mdogo, aliyekwama katika Lam yakun kwa wiki ya tatu, na mama amekataa kumvusha.