Kasha la Bibi

Katika mwanzo wa kazi yoyote asiyejua huwa na nguvu nyingi kuliko ajuaye, maana ujuzi ni hatamu ya mkono. Nguvu hizo zilikuwa zangu siku niliporithi kasha la bibi, mzaa baba, nikaazimia kulitengeneza mwenyewe.

Kasha lenyewe ni la msaji, limepambwa kwa misumari ya shaba iliyopangwa mfano wa nyota. Chini lina saraka tatu, na mbele lina tumbuu nzito ya kufuli. Makasha mengi ya namna hii yaliletwa pwani yetu na majahazi ya Bara Hindi yaliyosafiri kwa upepo wa kaskazi. Bibi arusi aliingia nayo nyumbani kwa mumewe, na ndani aliweka nguo, dhahabu, udi na siri zake. La bibi lilikaa Pangani maisha yake yote. Lilipofika kwangu lilikuwa jeusi kwa moshi wa taa na jasho la mikono, na shaba yake imeota ukijani.

Nilikwenda kwa jirani yangu mmoja, seremala mzee, kutaka shauri. Hakuniuliza nina vyombo gani. Aliniuliza, "Mwanangu, una haraka?" Nilijibu kuwa sina. Lilikuwa jibu la adabu, halikuwa la kweli.

Alinifundisha kwamba kwanza hapana budi kujua ubao umepakwa nini. Pamba yenye spiriti hugusishwa mahali pasipoonekana. Rangi ikilainika na kushika pamba, basi ubao ulipakwa ulimbo wa wadudu wadogo wa Bara Hindi ulioyeyushwa katika spiriti, nao huweza kuondolewa pasipo kukwaruza. Msasa huja mwisho, tena kwa kufuata nyuzi za ubao, kwa sababu mkwaruzo uliokatiza nyuzi huonekana zaidi baada ya mafuta. Huanzwa namba 120, ikafuata 180, kisha 240. Pua hufunikwa kwa kuwa vumbi la mbao hudhuru kifua. Na matambara yenye mafuta ya kitani hayarundikwi, bali hutandazwa. Mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na rundo lake laweza kuwaka moto lenyewe.

Kisha akanieleza asili ya jina la msasa. Kabla ya karatasi za madukani, mafundi walisugua mbao kwa majani ya mti uitwao msasa, yenye ukali kama ulimi wa paka. Karatasi ilirithi kazi ya jani na jina lake. "Jani lilikuwa na huruma," alisema, "lilichoka kabla ya ubao."

Nilianza vizuri. Shaba niliisugua kwa ukwaju, ikang'aa kama iliyotoka kwa mfua jana. Spiriti iliondoa weusi, na chini yake msaji ukajitokeza wenye rangi ya asali. Furaha yangu ilikua ikapita kiasi, na furaha iliyopita kiasi ni haraka iliyovaa nguo njema.

Ndani ya kifuniko palikuwa na doa jeusi, pana kama viganja viwili. Lilikataa spiriti. Nililiona kuwa adui wa mwisho, nikachukua msasa wa namba 80, ambao mzee hakuutaja, nikasugua kwa nguvu. Vumbi jeusi lilianguka. Doa lilipokuwa karibu kwisha niliona mkia wa herufi, kisha nukta tatu. Zilikuwa herufi za Kiarabu. Nilijiambia kuwa ni alama ya fundi aliyeliunda, nikamaliza kazi.

Ijumaa shangazi alikuja kulitazama. Hakuitazama shaba. Alifunua kifuniko, akaweka kiganja mahali pale, akanyamaza. Halafu akauliza, "Maandiko ya baba yako wapi?"

Babu alikuwa ameandika pale, kwa wino wa masizi, siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wake. Watoto walikuwa wanane. Sita walikua, na siku zao zimo katika vyeti na vichwa vya watu. Wawili walikufa wachanga, na hawakuandikwa mahali pengine popote duniani. "Majina ninayo," alisema shangazi. "Siku zao zilikuwa hapa."

Nilitafuta maneno ya kuomba radhi, nikaona yote ni mepesi. Nilikuwa nimefuta umri wote wa watu wawili, na uliandikwa kwa mstari mmoja mmoja tu. Sikufanya hivyo kwa chuki. Nilifanya kwa kupenda usafi, na kwa kudhani kuwa nisichoweza kukisoma ni uchafu. Wasahihishaji wa miswada ya kale wanaijua hatari hii: neno lisiloeleweka huitwa kosa, kosa huondolewa, na ukurasa hubaki safi na maskini.

Shangazi hakunikemea, na hilo lilikuwa zito kuliko kemeo. Alisema, "Andika majina. Siku anazijua Mungu." Niliyaandika pale pale kwa herufi zangu, ambazo hazifanani na za babu. Kasha lote nimelipaka mafuta, ila mahali hapo nimepaacha pakavu. Watu hulisifu shaba na nyota zake. Mimi nikilifunua hutazama weupe ule ndani ya kifuniko, na kila mara hulikumbuka swali la seremala ambalo sikulijibu kwa kweli.