Macho Yabaki Jukwaani

Meza ya kwanza ya taa niliyofundishwa ilikuwa na safu mbili za feda, vitelezi vya kuongeza na kupunguza mwanga. Safu ya juu ndiyo iliyokuwa ikiwaka jukwaani. Ya chini unaipangia wimbo unaofuata, kisha unavuta feda kuu taratibu, ya juu inafifia na ya chini inashika. Kazi hiyo haikukupa nafasi ya kuinua kichwa. Bendi ilipiga usiku mzima nami sikuiona sura ya mwimbaji, kwa sababu kila wimbo ulipoanza nilikuwa nimeshainamia mwingine. Taa zenyewe zilikuwa za wati 1,000 kila moja. Ukiwasha 12 kwa pamoja zinavuta zaidi ya ampea 50, jenereta linaelemewa, na karatasi za rangi zilizobanwa mbele ya taa zinapauka kwa joto.

Kompyuta ilitufikia kwa sababu ya ufukara wetu. Meza kubwa za MA Lighting ya Ujerumani au Avolites ya Uingereza zina bei ya kununulia gari, na mimi nilikuwa fundi wa kumbi za harusi na matamasha ya kwaya Dar es Salaam. Mwenzangu mmoja akanionyesha QLC+, programu isiyolipiwa, iliyotokana na kazi ya Heikki Junnila na kuendelezwa na Massimo Callegari. Nilihitaji laptopu ya kawaida na kiboksi kidogo cha kuchomeka USB upande mmoja na kebo ya taa upande wa pili. Usiku ule sikulala.

Lugha inayopita kwenye kebo hiyo ni DMX512, iliyowekwa Marekani mwaka 1986 na taasisi ya USITT. Kebo moja inabeba chaneli 512, na kila chaneli ina thamani kuanzia 0 hadi 255. Taa yenye nyekundu, kijani, bluu na nyeupe inachukua chaneli nne, hivyo ya kwanza naipa anwani 1, inayofuata 5, inayofuata 9, kwa kubonyeza vitufe mgongoni mwake. Mwisho wa mstari nafunga kizuizi cha ohmu 120, la sivyo mawimbi yanarudi nyuma na taa zinapepesa hovyo. Ndani ya programu natengeneza mandhari: rangi hizi, mwanga kiasi hiki, ziingie kwa sekunde nne, zitoke kwa sita. Nikishahifadhi, onyesho linakuja na kitufe kimoja kwa kila badiliko, na kwa mara ya kwanza mikono yangu ilipumzika nikaangalia jukwaa.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi upya. Katika taarab, mtazamaji anapoguswa na ubeti anainuka, anakwenda mbele akicheza na noti mkononi, anamtunza mwimbaji. Huyo naye yuko kwenye onyesho. Amevaa, amejipamba, ujumbe wa wimbo anautuma kwa mtu anayemjua yeye, na anataka aonekane. Athari zilizomo kwenye programu, za taa kukimbizana na kuzunguka, zinamwacha gizani hatua mbili tu kutoka kwa mwimbaji. Nikatengeneza mandhari nikaiita Tuzo: kaharabu laini inayopanda polepole kwenye ukingo wa jukwaa, bila kugusa taa ya mwimbaji. Naibonyeza ninapomwona mtu anaacha kiti. Sijui mandhari nyingine niliyoipenda kuliko hiyo.

Rangi ya ngozi zetu nayo ina madai yake. Bluu ya LED peke yake inazimeza sura. Unabaki na meno na shanga. Siku zote naanza na uso: nyeupe yenye joto na kaharabu kidogo, kutoka mbele juu, kisha bluu na zambarau nazipeleka nyuma na kwenye kuta. Ngome Kongwe ya Unguja, ambako tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, ina kuta za mawe ya matumbawe. Ukiweka taa chini ya ukuta ule, kila shimo la jiwe linatoa kivuli chake, na hakuna pambo la kukodi litakalolifikia.

Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri na kiboksi kinaendelea kutuma, kwa kuwa DMX hurudia ujumbe wake mfululizo, hadi mara 44 kwa sekunde. Jenereta likishika, taa za LED zinarudi papo hapo kwenye mandhari ileile. Taa za kuzunguka haziko hivyo: zinaanza kwanza kujinyoosha huku na huku zikitafuta mahali pa kuanzia, na mwimbaji anasubiri gizani. Ndiyo maana uso wa mwimbaji siukabidhi kwao hata siku moja.

Tena, DMX huenda upande mmoja tu. Taa hazijibu. Kioo cha kompyuta kitakuonyesha nyekundu 255 hata kama taa ile imekufa au kebo imechomoka. Vijana ninaowafundisha nawahimiza waangalie juu. Onyesho lipo jukwaani, na wenye kulifanya wapo kule.

Kwa waandaaji wa matamasha ya uwanjani nina ombi moja. Kwetu jua linazama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, na milango yenu inafunguliwa saa hiyohiyo. Rangi haipangwi juani, hata kwa programu bora kuliko zote. Mpeni fundi wa taa usiku mmoja kabla ya onyesho, jukwaa likiwa limeshasimama na jenereta likiwaka, na mtu mmoja asimame pale mwimbaji atakaposimama.