Paswadi za Watu Wengine

Usimwambie mtu yeyote PIN yako, hata mama yako. Ushauri huu tumeusikia tangu M-Pesa ianze Machi 2007, na kwa mtu anayeishi bedsita pale Umoja, simu mfukoni, miwani machoni, ni ushauri mzuri kabisa. Sasa mlete mtu huyo Kathonzweni. Mlete siku ya soko, wakati ndengu zimevunwa na pesa zimeingia, umsimamishe mbele ya kibanda cha wakala. Atamwona mama wa miaka sabini na kitu akimpa simu kijana aliye nyuma yake kwenye foleni: "Mwanangu, niwekee, haya macho hayaoni vidude hivi." Halafu anazitaja zile namba nne, kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi. Kijana anaweka, pesa inatoka, mama anaenda kununua sukari.

Hakuna aliyeibiwa. Siku nyingi hakuna anayeibiwa, na ndiyo maana tabia hiyo haitoki.

Mimi ni kijana wa saiba. Tuna kompyuta nne (moja inaendeshwa kwa maombi), printa, mashine ya fotokopi, na benchi la kungojea. Ukitaka kujua intaneti ni kitu gani kwetu, usianze na TikTok. Anza na mwalimu anayewasilisha ritani za KRA usiku wa tarehe 30 Juni, Kenya nzima ikiwa imeminyana kwenye tovuti hiyo hiyo na kale kaduara kanazunguka tu. Ongeza msichana wa HELB, kijana wa cheti cha mwenendo mwema, mzee anayetaka kujua kwa nini ile elfu mbili yake ya Inua Jamii haijaingia. Wengi wanakuja na mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi. Kompyuta wanaiona kwangu tu. Jambo linalonichekesha mpaka leo ni kwamba watu huninong'onezea PIN ya KRA, ambayo imechapwa kwenye cheti na unaipeana kila mahali, halafu ile ya M-Pesa wanaipigia kelele. Neno ni moja, nani atawalaumu?

Nilipoanza kazi nilikabidhiwa funguo, kitabu cha mauzo na daftari la bluu. Daftari lilikuwa na majina ya watu, namba za vitambulisho, anwani za imeli na paswadi. Watu zaidi ya mia tatu. Lilianzishwa na aliyekuwa hapo kabla yangu, na sababu yake haikuwa mbaya. Mtu anafunguliwa akaunti ya eCitizen mwezi wa pili, anarudi mwezi wa tisa, hakumbuki kitu, na ile imeli aliyofunguliwa hajawahi kuiona. Bila daftari mnaanza upya, na kuanza upya ni pesa. Paswadi zenyewe zilikuwa ndugu: jina la kwanza na mwaka wa kuzaliwa, au jina la kijiji na 123. Ukiijua moja umezijua mia.

Najua wewe unayesoma hapa umeshtuka. Lakini hebu jiulize nani alimfungulia mama yako akaunti ya KRA, na aliandika wapi.

Tunapomfikiria mwizi wa mtandaoni tunamwona jamaa wa hudi, chumba giza, herufi za kijani zikishuka kwa skrini. Wapo. Julai 2023 kundi linalojiita Anonymous Sudan liliimiminia eCitizen maombi mengi kuliko ilivyoweza kubeba, ikalala, nasi tukawa tunawaambia watu "mtandao uko chini" hadi koo likakauka. Oktoba 2024 Marekani ikawafungulia mashtaka ndugu wawili kutoka Sudan. Hata hivyo, shambulio lile lilifunga mlango tu. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Anayemfikia susu yangu hana ujuzi wa namna hiyo. Ana simu na karatasi yenye jina lake.

Karatasi inatoka wapi? Siku moja nilinunua njugu karanga za shilingi kumi pale steji ya Wote. Nilipoimaliza nikafungua kile kikaratasi, na ndani kulikuwa na uso wa mtu. Fotokopi ya kitambulisho: picha, jina, namba, tarehe ya kuzaliwa, wilaya. Ilikuwa imetoka na mstari mweusi pembeni, basi mtu wa mashine akaitupa, akarudia nyingine, na ile mbovu ikauzwa kwa kilo pamoja na takataka zingine za karatasi. Nikabaki nimeshika sura ya mwanamke nisiyemjua, ina mafuta ya njugu.

Namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa ndiyo maswali unayoulizwa ukidai kwamba laini ni yako. Mkora mwenye majibu hayo anaweza kujaribu kuihamisha laini yako hadi kwenye kadi yake. Ikihama, M-Pesa imehama, Fuliza imehama, na ile mikopo yote ya simu inakopwa kwa jina lako. Wewe unaona tu simu haina mtandao, unafikiri busta imezima, unaendelea kupalilia. (Kama uko Safaricom, bonyeza *100*100# leo, laini yako isibadilishwe ovyo ovyo. Fanya na ya mama.)

Juni 2021 ndipo wengi wetu tulipoona jinsi majina yetu yanavyotembea. Ilisikika redioni kwamba ukiingia eCitizen unaweza kuangalia kama umesajiliwa kuwa mwanachama wa chama cha siasa, na Wakenya kwa maelfu wakajikuta kwenye vyama wasivyowahi kuvikanyaga. Kwetu alikuja umau mmoja, mtu wa fimbo na koti, akataka nimwangalilie. Alikuwa mwanachama, na wa chama ambacho jina lake ilibidi nimsomee mara mbili. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Nani alinipeleka?" Watu wengi walivinyoshea kidole vile vitabu vya mawakala na vya getini, ambako kila siku unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi, na unasoma ya aliyekutangulia ukipenda. Sheria ya Kulinda Data ilikuwepo tangu Novemba 2019, na malalamiko yakaenda kwa Kamishna wa Data, Immaculate Kassait. Umau hakulalamika popote. Alilipa shilingi zake akaenda. Lakini swali lake lilinifanya niliangalie lile daftari la bluu kwa jicho lingine, kwa sababu jibu mojawapo la "nani" lilikuwa linalala kwenye droo yangu, droo isiyo na kufuli.

Kulichoma? Ningekuwa nimewafungia watu mia tatu nje ya akaunti zao. Basi nikaamua kulirudisha kwa wenyewe, mmoja mmoja. Mtu akija kwa shida yoyote, kabla ya shida yake tunabadilisha paswadi. Ninageuza uso, anaandika mwenyewe, kidole kimoja, hata ikichukua dakika kumi. Kompyuta ikiuliza kama ihifadhi, tunakataa. Halafu jina lake kwenye daftari nalifuta kwa kalamu nyeusi akiona. Fotokopi mbovu nazo nikaanza kuzichoma jioni nyuma ya duka. Mwenye kununua karatasi za kufungia njugu hajanisamehe.

Nilitarajia shukrani. Mzee mmoja akaniambia, "Nikikaa nayo itapotea. Wewe ndiye kabati langu." Wengine waliona nawafukuza.

Na kuna mama aliyekataa kadi niliyompa aandikie paswadi. Akainama karibu na meza akaniambia polepole, "Bwanangu akiiona?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ushauri wote ninaougawa una picha moja ya mwizi, mgeni wa mbali: jamaa wa Mulot, mfungwa wa Kamiti, haya majina tunayoyataja namba ngeni ikiita. Mwizi aliyemwogopa yeye anakula naye. Pesa zake za chama na za ndengu zilikuwa salama zaidi kwenye daftari la mtu baki kuliko kwenye leso yake nyumbani. Tulikaa na hilo kidogo. Mwishowe nikamwambia achague maneno matatu yasiyohitaji karatasi, vitu anavyovijua yeye tu, ayaunganishe. Alichagua sehemu tatu alizokuwa akichota maji akiwa msichana, kabla hajaolewa, kwa mfuatano alivyokuwa akizifikia moja ikikauka. Hakunitajia. Nilijua tu kwa sababu aliandika huku akitabasamu na vidole vikihesabu njia.

Flashi nazo ni stori nyingine, nitaipitia haraka. Wanafunzi wanaokuja kuchapa kazi zao huleta flashi ambayo mafaili yote yamegeuka vishale vidogo, wanalia kwamba mradi wa mwaka mzima umepotea. Haujapotea. Kirusi kimeyaficha mafaili na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake. Usizibonyeze, safisha flashi, kisha iambie kompyuta ionyeshe vilivyofichwa. Usipakue "programu ya kurudisha mafaili" ya bure usiyoijua. Unamwalika mgonjwa aje kumtibu mgonjwa.

Na zile simu za "nimekutumia pesa kimakosa"? Hapa naringa kidogo. Kwenye ukuta wa saiba nimebandika maneno ya Kikamba kwa herufi kubwa: ujumbe wa kweli unaingia mahali ujumbe wako wote wa MPESA unakaa, ule wa kutoka namba ya mtu ni barua tu, na mtu yeyote anaweza kuandika barua. Angalia salio. Na hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Aliyekosea autume ule ujumbe wake kwa 456, kampuni ishughulike. Akikuharakisha, huyo ni mwizi. Akikuombea baraka, mara nyingi pia.

Susu yangu hasomi ukuta. Yeye anamwambia kila anayempigia kuhusu pesa, "Ngoja nimuulize mjukuu, yuko hapa." Sipo, niko saiba. Wanakata.

Kwenye daftari sasa yamebaki majina kumi na manne. Sita kati yao wamefariki, na paswadi zao sijui nizifanyeje. Majuzi mtoto wa mmoja wao alitoka Mombasa, akaja moja kwa moja kwangu, akauliza kama baba yake aliacha kitu kwetu. Anataka imeli ya mzee, anasema kuna picha. Nikamwambia alete cheti cha kifo, kitambulisho chake na barua ya chifu. Alikasirika. Alisema mimi ni kijana wa saiba tu, si hakimu, na benchi lote likacheka.

Kesho yake asubuhi, kabla sijafungua dirisha, alikuwa amesimama nje na bahasha.