Theluji ya Machi Chini ya Milima ya Rocky

Mji wa Denver, katika jimbo la Colorado huko Marekani, umejengwa mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Magharibi yake imesimama Milima ya Rocky mfano wa ukuta. Mashariki yake nchi ni tambarare isiyo na kizuizi. Mgeni aweza kudhani kwamba theluji nyingi huanguka huko Desemba au Januari, baridi ikiwa kali. Sivyo. Kwa wastani wa miaka mingi, mwezi uipitao yote kwa theluji ni Machi, majira ya kuchipua yanapobisha hodi.

Sababu yake ni pepo. Tufani za wakati huo hutoka magharibi, zikiongozwa na mkondo wa upepo wenye nguvu upitao juu sana angani. Kila tufani huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Kitovu chake kikipita kusini-mashariki ya Denver, pepo za ubavu wake wa kaskazini huvuma kutoka mashariki, zimechukua unyevu wa Ghuba ya Mexico. Zifikapo milimani hazina njia ila kupanda. Na hewa ikipanda hupoa, unyevu ukawa theluji. Lakini mkondo ule ukihama, kitovu kikapita kaskazini, Denver hupata upepo mkavu ushukao kutoka milimani, na theluji huwaangukia wengine. Kikipita mbali mno kusini, unyevu haufiki.

Machi 2003 tufani ilishika njia ya kuielemea Denver. Zilianguka sentimita 80 hivi kwa siku tatu, na paa la kitambaa la jumba la abiria katika uwanja wa ndege likapasuka kwa uzito. Machi 2021 Denver ilipata sentimita 69 hivi. Cheyenne, kilomita 160 hivi upande wa kaskazini, ikapata 78.

Theluji hii imejaa maji, basi huvunja matawi, hukata nyaya za umeme, na huua ndama wachanga. Hata hivyo mkulima huitamani. Mwaka 2002 Colorado iliteswa na ukame mkali, na theluji ya Machi iliyofuata ikaleta nafuu, kwani ikiyeyuka huinywesha ngano na kuujaza mto wa South Platte.

Basi, msomaji mwema, usikiapo habari ya tufani ya huko, uliza kwanza kitovu chake kitapita wapi. Hapo ndipo hutengana hasara ya huyu na riziki ya yule.