Kutembea tu: tulivyompeleka Kadogo Lilongwe

Leo tunaandika juu ya kitu ambacho kinaweza kuonekana kidogo: kutoka na mtoto mchanga, kumpeleka mahali, aone, ale kitu, mrudi nyumbani. Kuna watu wanafanyaga hivyo kila mwisho wa wiki. Kwetu nyumbani tumefanya mara ya kwanza mwaka huu.

Sisi ni ndugu watatu, pamoja na Mama, na Kadogo. Kadogo ni mtoto wa dada yetu mkubwa, ana miaka miwili na miezi minne. Amezaliwa hapa. Anachokijua ni njia ya kwenda kisimani, soko, kanisa, na mlango wa jirani anayekaanga mandazi. Magari anayajua kwa sababu yanapita. Kupanda, alishapanda mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na homa.

Hapo ndipo mazungumzo yalianzia. Ukitoka hapa na mtoto mgongoni asubuhi, umemvalisha vizuri, majirani wanauliza swali moja: "Anaumwa nini?" Hakuna anayeuliza mnaenda kuona nini. Mtoto wa hapa akipanda gari ni hospitali, ama ni makaratasi. Basi tulipomwambia Mama kwamba tunataka kumpeleka Kadogo Lilongwe kutembea tu, alikaa kimya kidogo, akasema: "Kutembea kwenda kufanya nini?" Tukamjibu: "Kutembea kwenda kutembea." Akacheka. Lakini hakukubali siku hiyo.

Tunamwelewa. Malawi iliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ikaweka masharti yake, na moja ni juu ya uhuru wa kutembea. Mkimbizi anatakiwa kukaa kambini. Kambi yenyewe ilifunguliwa 1994, mahali ambapo zamani palikuwa gereza, ikapangwa kwa watu kama 10,000 hivi. Leo tumepita 50,000. Na wote tunakumbuka 2023. Mwezi wa tatu serikali ilitangaza wakimbizi wote wanaoishi mijini warudi Dzaleka, mwezi wa tano polisi wakaanza kuwakusanya Lilongwe, watoto pia. Wengine walipitia gereza la Maula kabla ya kuletwa huku. Baada ya hapo, mama akisikia neno "Lilongwe" pamoja na neno "mtoto", moyo unaruka. Hiyo siyo uoga wa bure.

Lakini kuna sababu nyingine ya Mama, na hiyo ni ya zamani zaidi. Sisi familia yetu tumeshafanya safari moja kubwa ya barabara, na ilikuwa na mtoto wa miaka miwili ndani yake. Ilikuwa 2009. Tulitoka upande wa Fizi, tukavuka Tanganyika kwa boti kutoka Baraka mpaka Kigoma, tukashuka Tanzania kwa mabasi mpaka Mbeya, tukavuka mto Songwe, tukaingia Karonga. Mkubwa wetu alitembea ameshika nguo ya Mama. Wa pili alikuwa mgongoni. Wa tatu hakuwa amezaliwa. Yule wa mgongoni hakumbuki boti, hakumbuki Kigoma, hakumbuki mpaka. Lakini mpaka leo, ni mtu mzima, akisikia gari linapunguza mwendo usiku, anaamka. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwenye mgongo wa Mama, jinsi ulivyokuwa unakaza kila wakisimamishwa.

Kwa hiyo tulimwambia Mama wazi: tunataka huyu aanze na safari nyingine. Ya kwanza akumbuke, ama mwili wake ukumbuke, iwe ya ndizi na dirisha. Baada ya wiki mbili Mama akasema: "Sawa. Lakini na mimi ninaenda."

Kwa wale wanaofikiria kufanya hivi, tueleze tulivyojipanga. Kwanza makaratasi: ruhusa ya kutoka, vitambulisho vyetu, karatasi ya familia ambako jina la Kadogo limeandikwa, na kitabu chake cha hospitali. Vyote kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akabeba mtu mmoja tu, siyo kila mtu na yake. Pili nauli. Tuliweka pesa ya nyanya kidogo kidogo kwa miezi miwili kwenye kopo la maziwa. Mtoto wa kupakatwa halipi, lakini watu wazima wanne wanalipa kwenda na kurudi, na bei haikai sehemu moja. Tatu chakula: mandazi, ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, maji yaliyochemshwa. Asubuhi hatukumpa maziwa wala uji mwingi, juu mtoto mwenye tumbo limejaa ndani ya minibasi ni hasara ya watu wote. Nne, nguo za kubadilisha mara mbili na vitenge viwili: kimoja cha kubebea, kingine cha kutandika, kufunika, kupangusa. Kitenge ni chombo, wandugu. Tano, namba yetu ya simu tuliiandika kwa peni kwenye mkono wake, sehemu ya ndani. Soko la mjini siyo soko letu.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijapanda. Kutoka hapa mpaka mjini ni kilomita 40 na kidogo, lakini minibasi haiondoki mpaka ijae, na ikijaa inajaa kwelikweli, wanne wanne kwa kiti. Tuliomba dirisha. Kadogo alisimama kwenye mapaja ya mama yake, uso kwenye kioo, akaanza kutaja vitu. Mbuzi. Baiskeli. Mbuzi. Mtoto. Mbuzi. Abiria wote walijua idadi ya mbuzi wa Dowa. Tulipoingia barabara kubwa ya M1, Mama aliangalia upande wa kaskazini, kule inakotoka. Ni barabara ileile inayoanzia Songwe. Ndiyo iliyotuleta. Hakusema kitu, tuliona tu.

Tukapita Lumbadzi, na ndege ilikuwa inashuka uwanja wa Kamuzu. Kadogo alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu nyumbani, kidole juu.

Halafu bariyeri. Askari alifungua mlango, akaangalia viti, akaomba vitambulisho. Dada akakaza mikono. Wote tulikaza. Na hapo tuliona kitu ambacho hatutasahau: Kadogo hakumwangalia askari. Alituangalia sisi, mmoja mmoja, usoni. Alikuwa anauliza kama hapa panaogopwa.

Mama ndiye aliyemjibu. Alimenya ndizi, akampa, polepole kabisa, kama yuko jikoni kwake. Halafu akamgeukia askari na Kichewa chake cha sokoni: "Muli bwanji, bwana." Askari akajibu, akasoma karatasi, akaangalia picha, akarudisha mfuko. Gari likaondoka. Kadogo akarudi kwenye mbuzi wake. Mama aliyavuta mashavu ndani, akapumua, akasema kwa sauti ndogo: "Yeye asijue."

Mjini tulishuka upande wa soko la zamani. Mto Lilongwe unapita hapo katikati, na watu wamejenga madaraja ya mianzi na mbao. Unalipa kidogo kwa mwenye daraja, unavuka. Daraja linacheza chini ya miguu. Sisi wakubwa tulishika pembeni. Kadogo alivuka, akataka kurudi avuke tena, akataka tena. Mwenye daraja akatuachia mara ya tatu bure.

Kisha tukaenda Lilongwe Wildlife Centre, kituo cha wanyama kilicho ndani ya msitu katikati ya mji. Kule wanaleta wanyama waliookolewa, waliokuwa wamefungwa na watu ama wameumia, wanawatunza, na wanaoweza kupona wanarudishwa porini. Kiongozi alipotueleza hivyo, Mama akasema: "Kumbe hata hawa wako na ofisi ya kuwarudisha kwao." Tulicheka mpaka kiongozi akauliza nini. Hatukujua namna ya kumtafsiria.

Mnataka kujua Kadogo alipenda nini? Siyo tumbili. Tumbili aliwaangalia dakika mbili. Alichopenda ni bomba la maji. Dada alimpeleka kunawa mikono, akafungua, maji yakatoka. Kadogo akaangalia nyuma. Akaangalia pembeni. Akauliza: "Mstari?" Yaani watu wa mstari wako wapi, ndoo ziko wapi. Nyumbani maji yana mstari, yeye hajawahi kuona maji bila mstari. Alifungua na kufunga bomba mpaka tukamtoa kwa nguvu, na hicho ndicho kilio chake pekee cha siku nzima.

Tulikula chini ya mti. Saa saba usingizi ukamshika, tukamlaza kwenye kitenge, na sisi tukakaa bila kufanya kitu. Tuseme ukweli, hiyo ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Wakubwa wanne, mchana, bila kusubiri jina letu liitwe mahali popote. Ukitembea na mtoto mdogo usipange vitu vingi. Vitu viwili vinatosha, na usingizi uhesabiwe kama kitu cha tatu. Saa tisa tulikuwa tunarudi, ili giza lisitukute njiani.

Hatuandiki hivi ili kusema kila mtu aende Lilongwe. Tunajua hali ya posho, tunajua kuna nyumba ambapo nauli ya watu wanne ni chakula cha siku nyingi. Mtoto wa miaka miwili hahitaji mbali. Mpeleke kwenye vijiji vya jirani akaone mahindi yanakobolewa, mpandishe kilima. Mwezi Tumaini Festival inapokuja, mbebe juu ya mabega aone kwamba hata watu wa mji wanapandaga gari kuja kwetu. Kinachohitajika ni yule anayembeba atembee kama mtu anayetembea. Mtoto hasomi makaratasi. Anasoma mgongo wako.

Sasa hivi Kadogo amepanga madumu manne uwanjani, anakaa mbele, anaita "Lilongwe, Lilongwe, Lilongwe!" Watoto wa jirani wanapanda. Jana mmoja alijifanya askari, akasimamisha gari. Kadogo akampa ndizi ya udongo, safari ikaendelea.

Kopo la maziwa tumelirudisha juu ya kabati. Mama ameanza kutaja Salima, ziwani. Anasema hajakaa kando ya ziwa tangu Tanganyika, na safari hii hataki kuvuka. Anataka tu kukaa, Kadogo atupe mawe kwenye maji.