Ungekuwa Rais, Ungefanya Nini?

Daniel Lerner alijulikana kwa swali moja lililoulizwa wanakijiji: ungekuwa rais wa nchi hii, ungefanya nini? Lilitoka kwenye utafiti wa Mashariki ya Kati uliozaa kitabu chake cha 1958, The Passing of Traditional Society. Mchunga mifugo mmoja wa Uturuki alishtuka hata kuulizwa. Mwenye duka alijibu upesi: ningejenga barabara. Basi Lerner akasema huyu wa duka ndiye wa kisasa, kwa sababu anaweza kujiweka mahali pa mtu mwingine, na kinachoeneza uwezo huo haraka ni redio, sinema na magazeti. (Utafiti wenyewe ulitaka pia kujua nani anasikiliza Sauti ya Amerika. Hilo halikuwa kwenye noti zetu.)

Nilifunzwa nadharia hiyo muhula wa mwisho kabla ya karo kunishinda. Mhadhiri alipofika kwa "jamii za jadi" niliwaona watu wetu wa Machakos pale ubaoni, wameketi tu, wanangoja redio.

Hebu tazama 1938. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikichukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, eti wanamaliza udongo. Redio ya Nairobi siku hizo ilikuwa ya walowezi. Habari zikapita mdomo kwa mdomo, na maelfu wakatembea hadi Nairobi na Muindi Mbingu, wakapiga kambi wiki kadhaa wakimtaka gavana mwenyewe. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini serikali iliacha kuwanyang'anya watu ng'ombe. Hawa hawakungoja kuulizwa wangefanya nini wakiwa gavana. Walienda kumwambia.

Na udongo? Vikundi vya mwethya, wengi wakiwa akina mama, vilichimba matuta ya fanya juu kilima baada ya kilima. Kitabu More People, Less Erosion cha 1994 kinaonyesha watu waliongezeka zaidi ya mara 5 tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko ukapungua.

Sisemi redio haina kazi. Nyanya yangu, tunayemwita Susu, hazimi yake. Huongeza sauti wakati wa matangazo ya vifo, ajue nani wa ukoo ametuacha na mchango unapelekwa kwa nani. Juzi afisa fulani alikuwa akihojiwa kuhusu mbolea. Susu akamjibu hoja kwa hoja, jembe mkononi. Nikamuuliza lile swali la Lerner. Hakulijali. Alitaka nimtafutie namba ya kupigia stesheni.