Polisi wa Njia Panda

Mji wa Saint-Lô uko kaskazini-magharibi ya Ufaransa, katika nchi ya Normandy, juu ya kilima kando ya mto Vire. Nchi hiyo ni ya wakulima. Mashamba yake ni madogo, na kila shamba limezungukwa na boma la udongo lililoota miti na vichaka, ambavyo mizizi yake imeshikana kwa miaka mamia hata boma likawa gumu kama ukuta. Ndani ya maboma hayo hulishwa ng'ombe wa maziwa, na matofaa ya huko hukamuliwa yakafanywa vinywaji, kimoja chao kikali mno. Katika Julai 1944 Wamarekani na Wajerumani walipigania mashamba hayo moja baada ya jingine, na Wamarekani walipouingia mji tarehe 18 ya mwezi huo, haukuwa mji tena bali chungu ya mawe. Barabara zilipasuliwa upya kwa matingatinga katikati ya vifusi.

Hata hivyo, ni katika mji huo uliovunjika ndimo ilimoanzia njia moja mashuhuri katika habari za vita, na ni katika njia hiyo ndimo ilimoonekana vizuri kazi ya polisi wa jeshi, kazi ambayo watu wachache huisimulia.

Sababu ya njia hiyo ilikuwa hii. Mwishoni mwa Julai majeshi ya Marekani yalipenya safu za adui, yakakimbia kuelekea mashariki upesi kuliko wakuu wao walivyotazamia. Paris ilikombolewa tarehe 25 Agosti. Lakini vyakula, risasi na petroli vilikuwa bado nyuma, katika pwani za Normandy na bandari ya Cherbourg. Reli hazikufaa kitu, kwa maana ndege za Waingereza na Wamarekani wenyewe zilikuwa zimezivunja kabla ya majeshi kushuka pwani, ili adui asizitumie. Silaha waliyompigia adui sasa iliwarudia. Kufikia mwisho wa Agosti vifaru vya Jemadari Patton vilisimama karibu na mto Meuse. Havikushindwa vita, matangi yake yalikuwa makavu.

Basi siku ile ile Paris ilipokombolewa, ilifunguliwa njia ya malori kutoka Saint-Lô hadi Chartres, mwendo wa maili zaidi ya 120, yaani zaidi ya safari ya kutoka Nairobi hadi Nakuru. Iliitwa Red Ball, maana yake mpira mwekundu, na alama za duara jekundu zilibandikwa kando yake. Barabara mbili zilitengwa, moja ya kwenda na malori yenye shehena, nyingine ya kurudi na malori matupu, ili lori lisikutane na lori mwenzake uso kwa uso. Magari ya raia hayakuruhusiwa humo, wala magari ya jeshi yasiyokuwa na shughuli ya njia hiyo. Tarehe 29 Agosti, siku nne tu baada ya kazi kuanza, malori 5,958 yalichukua tani 12,342.

Msomaji aliyepata kuongoza hata magari kumi katika barabara ya murramu wakati wa masika atafahamu kwamba malori elfu sita hayaendi yenyewe. Yalipewa sheria. Lori lisiende peke yake, bali msafara wa malori matano au zaidi. Kati ya lori na lori iachwe nafasi ya yadi sitini. Mwendo usizidi maili 25 kwa saa. Mtu asimpite mwenziwe. Misafara yote isimame pamoja kwa dakika kumi kwa saa zilizowekwa, ili madereva wanyoshe miguu na kutazama magurudumu na kamba za shehena. Lori lililoharibika lisukumwe kando, na dereva wake angoje mafundi.

Kuandika sheria kama hizo ni kazi ya mchana mmoja katika ofisi. Kuzifanya ziishi barabarani usiku na mchana ndiyo iliyokuwa kazi ya polisi wa jeshi. Kikosi chao cha kudumu katika jeshi la Marekani kilikuwa bado kichanga, kwa maana kiliundwa tarehe 26 Septemba 1941. Polisi huyo alijulikana kwa herufi M na P zilizoandikwa kwenye kitambaa cha mkononi na kwenye kofia yake ya chuma. Alisimama kwenye njia panda, na mara nyingi yeye na mwenzake mmoja tu ndio waliokuwa serikali yote ya mahali pale. Kiangazi kilimpaka vumbi na vuli ikamloweka. Malori yalipompita yalikuwa na haraka, na aliyekuwa nayo zaidi alikuwa yule aliyechelewa.

Si malori tu yaliyomjia. Agosti ni mwezi wa mavuno katika nchi ile, na mkulima ambaye barabara yake imefungwa ana ngano yake shambani na farasi wake kwenye mkokoteni. Wakimbizi walikuwa wakirudi makwao na magodoro juu ya baiskeli. Askari waliopoteana na vikosi vyao waliuliza njia, na wengine hawakuuliza, maana hawakutaka kuonyeshwa. Polisi aliwapanga hao wote. Tena walikuwako mateka. Katika kuzingirwa kwa Wajerumani huko Falaise, mwezi huo huo wa Agosti, walikamatwa karibu 50,000, na mateka hao hawana budi kuhesabiwa, kupekuliwa, kulindwa na kupelekwa nyuma. Malori yaliyokuwa yakirudi matupu yalisaidia kuwachukua.

Ugumu mkubwa wa kazi hiyo, hata hivyo, haukuwa katika kusimama. Ulikuwa katika kuamua. Malori yale yalitiwa kifaa kidogo cha kuzuia mwendo usizidi kiasi, na madereva wengi walikiharibu makusudi, kwa kuwa waliona kwamba kwa maili 25 kwa saa hawatafika kabisa. Polisi alilijua jambo hilo. Kama angalimsimamisha kila mkosaji, petroli isingalimfikia askari aliyekuwa akiingoja mbele. Na kama angaliwaacha wote waende wapendavyo, malori yangalijaa mitaroni, kama mengi yalivyojaa, maana madereva walikuwa wakisinzia juu ya usukani baada ya kazi ya saa nyingi bila kulala. Hakuna kitabu kilichomwambia ni lori gani la kuzuia na lipi la kuachia. Karani hurudisha barua kwa mkubwa wake na kuomba shauri. Polisi wa njia panda alikuwa na nukta chache tu, na lori lilikwisha kumfikia.

Karibu robo tatu ya madereva wa njia ile walikuwa Wamarekani weusi. Wakati huo jeshi la Marekani liliwatenga watu kwa rangi, likawaweka weusi katika vikosi vyao peke yao, na wengi wao wakanyimwa bunduki wakapewa usukani na koleo. Watu waliokatazwa kuketi meza moja na wenzao katika miji mingi ya kwao ndio waliokabidhiwa uhai wa jeshi zima, nao waliufikisha. Amri ya kuondoa ubaguzi huo jeshini ilitolewa na Rais Truman katika Julai 1948. Miezi ile ile ya 1944, Waafrika wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wakishuka bonde la Kabaw nchini Burma, katika matope yaliyomeza malori hata ekseli, na wazee waliorudi kutoka huko hawakuhitaji kuelezwa barabara ni nini katika vita.

Wizi nao ulikuwapo, wala si wizi mdogo. Paris ilikuwa na njaa na baridi, na debe moja la petroli lilikuwa na bei ya kumtia mtu wazimu. Wako askari waliouza madebe, wako waliouza sigara kwa masanduku, na wako waliouza shehena pamoja na lori lenyewe. Polisi wa jeshi walilazimika kuwapekua watu wa upande wao, kuweka vizuizi na kuwapeleka wenzao mbele ya mahakama. Hapana kazi inayochukiwa kuliko hiyo. Askari humsamehe adui upesi kuliko anavyomsamehe polisi aliyemfungulia mfuko wake.

Malori yakisha kutoka katika maboma ya Normandy na kupita Alençon, nchi hufunguka. Chartres imesimama kwenye ukingo wa uwanda wa Beauce, nchi tambarare ya ngano isiyo na ua, na minara miwili ya kanisa lake kuu huonekana kutoka mbali sana, kabla mtu hajaona nyumba hata moja. Ilibaki kidogo kanisa hilo lipigwe mizinga, kwa kudhaniwa kwamba Wajerumani walikuwa minarani. Tarehe 16 Agosti Kanali Welborn Griffith wa jeshi la Marekani aliingia mwenyewe kutazama, akakuta hamna mtu, na kanisa likaachwa. Kanali aliuawa siku hiyo hiyo, karibu na pale.

Njia ile ilirefushwa baadaye kuyafuata majeshi, ikafungwa tarehe 16 Novemba. Tani 412,193 zilikuwa zimepita. Polisi waliendelea mbele pamoja na jeshi, hata vilima vya Ardennes katika Ubelgiji, penye misitu mizito na theluji. Huko, tarehe 16 Desemba, Wajerumani walishambulia ghafula. Wachache wao walivaa nguo za Kimarekani, wakapenya na kugeuza vibao vya barabarani. Tangu hapo neno la siri halikutosha. Walinzi wa barabarani walimwuliza kila mpitaji mambo ambayo Mmarekani tu angeyajua. Jemadari Bradley mwenyewe, mkubwa wa majeshi, alisimamishwa mara tatu. Aliulizwa mji mkuu wa Illinois, akajibu Springfield, jibu lililo sawa, lakini mwulizaji alishikilia kwamba ni Chicago. Mara ya tatu aliulizwa jina la mume wa Betty Grable, mchezaji wa sinema, naye hakulijua. Mlinzi alicheka akampisha. Si kila jeshi ambamo mtu asiye na cheo angethubutu kumzuia jemadari, na si kila jemadari ambaye angalikubali.

Siku ya pili ya mashambulio hayo, yaani tarehe 17 Desemba, polisi mmoja alikuwa peke yake kwenye njia panda ya Baugnez, karibu na mji wa Malmedy. Asubuhi nzima alikuwa akielekeza magari ya divisheni moja ya vifaru kuelekea kusini. Mchana ukaja msafara mdogo wa wapima mizinga, naye akauonyesha njia hiyo hiyo, kama alivyoamriwa. Muda si muda vifaru vya Wajerumani vilitokea na kuupiga. Wamarekani walikuwa na silaha nyepesi tu, wakajisalimisha. Walikusanywa katika uwanja kando ya njia panda, mikono juu, na polisi yule alikamatwa akatiwa miongoni mwao. Kisha Wajerumani wakawapiga risasi. Waliokufa katika mauaji hayo ni 84. Polisi alinusurika pamoja na wengine waliolala kati ya maiti hata walipopata nafasi ya kukimbia, na katika 1946 wauaji walihukumiwa huko Dachau, Ujerumani.

Saint-Lô imejengwa upya. Huko Baugnez upo ukuta wa ukumbusho wenye majina ya waliouawa, kila jina na kibao chake. Njia bado zinakutana mahali pale pale, ya Malmedy, ya Waimes na ya Ligneuville, na magari hupita mchana kutwa bila askari wa kuyaelekeza.